Kiti Kilichonyweshwa

Magunia yalikuwa yamelowa. Bernadeta aliliona hilo kabla Severini hajamaliza kukishusha kiti kutoka kwenye guta la magurudumu matatu lililokileta kutoka sokoni, pale nje ya jengo la abiria, uwanja wa ndege wa Dar es Salaam.

"Seve, mbona kinachuruzika?"

"Nimekinywesha, dada," mdogo wake akajibu huku akitabasamu, kama mtu anayengoja kupongezwa. "Jua la Mikese mpaka Chalinze si unalijua? Nikasema hiki nacho kisije kikapasuka ngozi."

Msimcheke Severini. Tangu aote ndevu kazi yake ni kupakia malori ya mboga za Mgeta. Lori likishateremka milimani, kabla halijaingia kwenye joto la barabara ya Dar, wapakiaji huteka maji mtoni, ndoo baada ya ndoo, wakaumwagia mzigo mzima, kabichi, karoti, letusi, ndipo wakafunika turubai. Mzigo usiponyweshwa hufika sokoni umenyauka, na mpakiaji aliyesahau hana pa kuficha uso. Sasa kiti cha umeme cha dada yake hakikuenea kwenye gari dogo alilosafiria yeye kutoka Morogoro mjini. Severini akakipandisha kwenye lori, akakivisha magunia, akakifunga kamba kwa ufundi wake wote, halafu mikono yake ikafanya ilichozoea kufanya kwa kila kitu kinachotakiwa kufika salama. Hakuna aliyemkataza, maana nani angefikiria kukataza jambo kama hilo?

Alimwinua Bernadeta kutoka kwenye gari, akamkalisha. Kiti kilikuwa baridi, na maji yakapenya gauni. Bernadeta akawasha swichi, akasukuma kijiti cha kuendeshea. Kiti hakikwenda. Kisha, baada ya yeye kuondoa mkono, kikaruka mbele peke yake, kikasimama. Chini ya kalio la kiti kitu kikalia, ti, ti, ti.

Severini akacheka. "Kimeamka!"

Bernadeta hakucheka. Kiti hicho alikuwa anakijua kuliko alivyoijua miguu yake mwenyewe siku ilipokuwa inafanya kazi, na hakikuwahi kwenda bila kuambiwa.

Alikuwa binti mbichi alipoteleza na mzigo wa karoti kwenye njia za kule Mgeta, mgongo ukavunjika. Severini ndiye aliyembeba mgongoni kuvuka vilima hadi hospitali ya misheni. Akambeba tena kurudi, na miaka ikapita anambeba tu: kanisani, msibani, chooni. Severini hakunung'unika hata siku moja, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Siku mapadre walipompatia kiti cha umeme, Bernadeta aliapa mbele ya msalaba wa chumbani kwake kwamba hatapanda tena mgongo wa mtu.

Na kesho, Bukoba, mdogo wao wa mwisho, Janeth, anaweka nadhiri za daima za utawa. Mama yao alifariki akamwachia Bernadeta mtoto huyo angali ananyonya. Nani mwingine angesimama upande wa mama? Basi la Bukoba mgongo wake usingelistahimili, ndiyo maana ndugu na jamaa wakamchangia tiketi moja ya ndege. Alitaka Janeth, atakapogeuka pale altareni, amwone dada yake anakuja mwenyewe.

Kaunta ya shirika la ndege ilikuwa na binti mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Betri ya kiti ni ile kavu, isiyo na tindikali ya kumwagika?"

"Ni kavu."

"Kimewahi kupata hitilafu? Kimeingia maji?"

Magunia alikwisha kumwambia Severini ayatupe, na kiti amekifuta kwa khanga yake. Akisema ndiyo, kitabaki. Kikibaki, ataingia kanisani Bukoba mgongoni kwa mwanamume asiyemjua, mbele ya askofu.

"Hapana," Bernadeta akasema.

Ulimi ukawa mzito kama aliyetafuna udongo. Alijua amefanya dhambi, akajiambia ataitubu Bukoba.

Walimhamishia kwenye kiti chembamba cha kupita kati ya safu za viti, wakampakia kabla ya wengine, dirishani. Abiria wakajaa. Jirani yake, baba mmoja mnene, akafunga mkanda na kuanza kulalamikia joto. Chini, wapakizi wa mizigo walikuwa wanakisukuma kiti chake kuelekea tumboni mwa ndege. Bernadeta aliizima swichi kwa mkono wake mwenyewe, na ufunguo ulikuwa kwenye pochi yake.

Taa ya kijani ya kiti ilikuwa inawaka.

Ikazimika. Ikawaka. Mpakizi mmoja akakishika kiti chini ya kalio, akauondoa mkono haraka, akaupuliza. Kisha wote wakainama, wakakiingiza ndani.

Mlango wa mizigo ukagonga chini ya miguu ya Bernadeta, miguu isiyosikia kitu, lakini mlio aliusikia. Akamtazama yule baba mnene, akamtazama mtoto wa kiti cha mbele anayechungulia na biskuti mdomoni. Janeth angemngoja altareni. Na hawa wote, nani anawangoja?

"Dada!" akamwita mhudumu, sauti ikatoka kubwa kuliko alivyotaka. "Kishusheni kiti changu! Kimelowa maji. Niliwadanganya."

Kelele zikaanza. Baba mnene akasonya, akasema watu wengine ni wa kukaa nyumbani. Mhudumu akakimbilia kwa rubani. Mlango ukafunguliwa, kiti kikashushwa na kuwekwa kando kwenye sakafu ya saruji.

Kikaanza kwenda chenyewe. Kilikwenda polepole, kitupu, kikizunguka kama kinatafuta mtu, na wapakizi wakakipisha. Kisha kikasimama, moshi ukatoka chini ya kalio, na moto ukafuata. Ndani ya ndege, baba mnene akafanya ishara ya msalaba, na hakumtazama tena Bernadeta.

Abiria wengine walihamishiwa ndege nyingine. Bernadeta alirudishwa jengoni kwa kiti cha magurudumu cha uwanja, kujibu maswali. Severini alikuwa bado nje, alikuwa ameahidi kungoja mpaka aione ndege ikipaa. Maofisa wakamwita ndani. Mfanyakazi wa uwanja alitaka kukirudisha kiti cha kuazima, na Severini hakungoja kuambiwa: alichuchumaa mbele ya dada yake kama zamani. Bernadeta akapanda mgongo ule. Ulikuwa umekonda.

"Wamekifanya nini, dada? Mimi nilikileta kizima."

Ofisa wa usalama akawasogelea, uso umekunjamana.

"Fundi anasema maji yameingia kwenye umeme. Ndege nzima ingeungua. Nani alikimwagia maji kiti hiki?"

Bernadeta akausikia mgongo wa mdogo wake ukikakamaa. Severini akafungua mdomo.

"Mimi," Bernadeta akawahi kusema. "Nilikiosha mwenyewe asubuhi."

Ofisa akatikisa kichwa, akawaambia wamfuate. Severini hakusogea. Alianza kutetemeka, magoti hadi mabega, na Bernadeta akatetemeka pamoja naye. Akamkaza mikono shingoni.

"Twende, Seve," akamnong'oneza. "Nibebe twende."