Siku Kaa Walipopita Barabara Kuu

Wiki ya sherehe za kiangazi, duka la fundi halikuwa na hata pa kuweka kikombe. Makoti ya bendi yalitundikwa kila mahali, dirishani, mlangoni, juu ya kabati la vifungo. Yalikuwa ya buluu yenye utepe wa njano mabegani, na upepo wa baharini ukiingia yaliinua mikono kidogo, kama watu wanaojinyoosha usingizini. Fundi mwenyewe alikuwa katikati yao, pini mdomoni, akipanua kiuno cha koti la mpiga ngoma kubwa, bwana ambaye mji mzima ulimwita Pipa na wala hakukasirika.

"Mwaka jana nililipanua hili hili," fundi alilalamika. "Mwaka ujao namshonea hema, nimalize kazi."

Wifi yake, dada mkubwa wa mumewe, alicheka mpaka akashika meza. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya sherehe na macho yalikuwa yamemwiva kwa kukosa usingizi. Nani atapanga viti ufukweni, nani atajaza maputo, kamba ya kuvutana ipo au imeshaoza, yote yalipitia kichwani mwake.

"Na lile?" aliuliza, akielekeza kidevu kwenye koti lililotundikwa peke yake nyuma ya mlango, limefunikwa shuka.

"Lile liache, wifi."

"Niongee naye mimi? Mdogo wangu yule, nimembeba mgongoni."

"Uongee naye vipi? Ukianza tu anaangalia pembeni."

Kwa miaka mingi mume wa fundi alipiga tarumbeta ya kwanza katika bendi. Watu walimwita Tarumbeta, na jina halikumwacha hata baada ya homa kumlaza mwaka uliopita na kumwinua akiwa hasikii kitu. Hakulia wala hakulaumu. Aliacha tu kutoka nyumbani. Alijitafutia kazi za uani, kuziba ndoo, kunoa mikasi ya mkewe, kung'arisha vitu ambavyo tayari viling'aa. Sauti yake mwenyewe aliiogopa, kwa kuwa hakujua tena inatoka kubwa kiasi gani, basi akaifungia ndani. Mkewe akiwa na neno, aliliandika kwa chaki ya kushonea juu ya meza ya kukatia nguo: chakula tayari, mvua inakuja, dada yako anakusalimu. Yeye alisoma, akaitikia kwa kichwa, kisha akafuta kwa kiganja, taratibu, kama anayemfunika mtoto aliyelala.

Mvua ilinyesha usiku wa kuamkia siku ya maandamano, mvua nzito isiyo na radi. Kulipokucha mji ulitoa harufu ya majani mabichi na chumvi. Mchana kutwa ukungu mwembamba ulielea juu ya paa, jua likawa kama taa ndani ya maziwa. Jioni watu walijipanga pande zote mbili za barabara kuu, wamevaa nguo zao nzuri, watoto wamebebwa mabegani, maputo yakigongana bila sauti. Fundi alisimama kizingitini mwa duka lake. Mumewe alikuwa uani na mikasi yake.

Kaa wa kwanza aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mkubwa kama sahani ya chai, gamba lake jekundu likielekea zambarau, na alivuka sakafu kwa ubavu, bila haraka. Akapanda kanyagio la cherehani, akashuka upande wa pili, akapita kati ya miguu ya fundi na kutoka barabarani. Nyuma yake walikuja wengine wawili. Nyuma yao, fundi alipogeuka, uani kote kulikuwa kukitembea.

Walishuka kutoka kwenye vichaka vya mlimani, walikoishi mwaka mzima ndani ya mashimo yenye unyevu. Kila kiangazi walikwenda baharini kutoa mayai, lakini kwa kawaida walipitia bondeni, wachache wachache, wala hapana mtu aliyewajali. Mwaka huu mvua ilikuwa imejaza bonde maji ya mbio. Basi wakachagua barabara. Walimiminika kati ya nyumba, chini ya viti, juu ya ngazi, na mchakacho wa miguu yao ulikuwa kama karatasi nyingi zinazokunjuliwa kwa wakati mmoja.

Hapo hapo bendi ikakunja kona, ngoma kubwa mbele.

Du! Kaa wote wakasimama, magando juu. Du! Waliokuwa mbele waligeuka kurudi, waliokuwa nyuma wakawapanda. Safu ya kwanza ya wanamuziki ilikuwa tayari imeshaingia katikati yao kwa viatu vizito, na fundi akasikia mivunjiko ambayo alitamani asingeisikia. Kila jike alikuwa amebeba mayai chini ya tumbo, meusi, yamebanana kama mbegu.

"Mafagio!" wifi alipiga kelele kwenye kipaza sauti. "Jamani, leteni mafagio! Wasukumeni pembeni!"

Watu walifagia. Kaa waliosukumwa kulia walirudi kushoto, mmoja akang'ang'ania fagio mpaka mwenye fagio akalitupa na kukimbia. Mtoto alilia. Pipa, asiyejua la kufanya, aliendelea kupiga, kwa sababu hakuna aliyemwambia aache.

Ndipo fundi akamwona mumewe barabarani. Alikuwa amewafuata kaa kutoka uani, peku, mikono mitupu. Hakuwaangalia watu. Aliangalia mkono wa Pipa ukipanda na kushuka, kisha kaa, kisha mkono tena. Mkono ukishuka, barabara nzima iliganda; ukipanda, ilisogea kidogo. Akapita katikati yao, akiburuza nyayo chini bila kuziinua ili asikanyage, akafika mbele ya ngoma na kuilaza mikono yake miwili juu ya ngozi ya ngoma ile.

Pipa alisimamisha rungu lake hewani. Matarumbeta yakanyamaza moja baada ya jingine. Wifi akashusha kipaza sauti. Pakawa kimya, na ndani ya kimya kile ukarudi mchakacho, kwanza kidogo, kisha barabara nzima.

"Vueni viatu," alisema Tarumbeta.

Sauti ilitoka kubwa mno, ikapasuka katikati. Alijua, kwa namna watu walivyoshtuka. Lakini hakuirudisha ndani.

"Kwa kiatu hujui unachokanyaga. Tembeeni nao."

"Maandamano bila muziki?" wifi alimnong'oneza fundi. Machozi yalikuwa yameshamjaa, kwa maana alikuwa hajaisikia sauti ile tangu mwaka jana. "Watatucheka."

"Wacheke. Vua viatu, wifi."

Fundi alikimbia ndani, akavuta shuka, akarudi na koti, akamvika mumewe. Lilikuwa limekuwa kubwa kwake, mabega yalining'inia, lakini alifunga vifungo vyote mpaka cha shingoni na kusimama mahali pake pa zamani, safu ya mbele.

Hivyo mji ulishuka kwenda baharini. Bendi ilibeba vyombo vyake kifuani kama watoto wachanga. Watu waliacha kandokando ya barabara na kujiunga nyuma, viatu mkononi, wakiburuza nyayo. Hakuna aliyesema neno. Walizungumza kwa nyusi, kwa kubinya mikono, kwa kuelekeza vidole: angalia yule, mpishe huyu. Pipa alibanwa kidole gumba cha mguu na gando, akapanua mdomo wote kupiga yowe, akalimeza. Watu wakacheka kwa mabega tu. Fundi alitembea kando ya mumewe, na kwa mara ya kwanza baada ya mwaka mzima hakuhisi kwamba kuna ukuta kati ya mumewe na wengine. Leo wote waliishi alikoishi yeye, na yeye ndiye aliyejua njia za huko. Alisoma nyuso upesi kuliko mtu yeyote. Alijua nani anachoka, nani anaogopa, wapi pa kupunguza mwendo.

Ufukweni, viti vilikuwa vimepangwa kuelekea jukwaa. Kaa walipita chini yake, wakaacha mchanga umechorwa mistari mpaka majini. Maji yalikuwa yamejaa, ya kijivu na waridi. Majike waliingia hadi wimbi likawafika magambani, wakanyanyua magando na kuanza kujitikisa, mwili mzima, kama wanaocheza ngoma ambayo wao tu wanaisikia. Mayai yalitoka kama moshi. Maji yakawa kahawia, na samaki wadogo wakaja wakimeta, wengi mno. Watu waliingia hadi magotini, suruali za bendi zikalowa, na hapana aliyekumbuka kujali.

Mashindano yote yaliahirishwa hadi kesho yake. Wifi alitangaza hilo kwa kunong'ona kwenye kipaza sauti, kisha akaketi mchangani na gauni lake la mwenyekiti, akamwangalia mdogo wake kwa mbali, asichoke.

Tarumbeta alimgeukia mkewe.

"Wanasikikaje?" aliuliza. Safari hii sauti ilikuwa ndogo.

Fundi alitafuta mahali pa kuandika, akakosa. Basi akamgeuza, akainua koti na shati, na kwa ncha za vidole vyake vyote, vidole vyenye matundu ya sindano, akaanza kumtembezea mgongoni: kwanza wachache, kutoka begani, kisha wengi, kisha wengi zaidi, wakipandana, wakishuka kuelekea kiunoni.

Alifumba macho, akatabasamu.

"Usiache," alisema. "Naona bado wanakuja."