Vipande Ishirini na Viwili

Siku nilipoliona kosa la Mwalimu, nilicheka peke yangu mbele ya kompyuta mpaka chai ikanimwagikia mapajani. Niliungua, na bado nikacheka. Miaka minne nilikuwa nimemwekea kinyongo mtu yule, na sasa amejileta mwenyewe.

Namwita Mwalimu kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kazi. Tunaichora upya dawa ya watoto wenye saratani ya damu. Ni kimeng'enya kinachotoka kwa bakteria; huinyima saratani chakula hadi ikafa njaa. Tatizo lake kina mkono mrefu, hudokoa na chakula cha mwili wenyewe, na mtoto huvimba kongosho. Wengine miili yao huikataa dawa kabisa. Basi sisi hukichukua kwenye kompyuta, tukabadili kipande kimoja kimoja, tukitafuta umbo litakaloua saratani na kumwacha mtoto salama. Umbo la kwanza lililoleta matumaini nililipata mimi. Mwalimu alilitangaza jaridani kwa jina lake, na mwishoni akamshukuru hadi mlinzi wa mlangoni. Mimi hata nukta sikupewa.

Kosa lenyewe lilikuwa hili. Kimeng'enya ni mnyororo, na vipande vyake ishirini na viwili vya mwanzo hukatwa na bakteria mwenyewe kabla kazi haijaanza. Kuna wanaohesabu kuanzia mwanzo kabisa, na kuna wanaohesabu baada ya mkato. Mwalimu alitoa namba kwenye orodha ya hawa akaziingiza kwenye orodha ya wale. Badiliko la kuuzuia ule udokozi likaangukia mahali pasipohusika. Neno langu moja lingetosha kuwaokoa watu wa maabara na kazi bure. Nikafunga mdomo. Kikao cha wakaguzi kilikuwa baada ya wiki tatu, nami nilitaka aumbuke mbele ya watu.

"Dada, mwenzio nimechoka," fundi wa maabara aliniambia wiki ya pili, macho mekundu. "Nimerudia mara nne, bado kinadokoa vilevile. Au mikono yangu ina gundu?"

"Usijali, mdogo wangu. Kitakaa sawa tu."

Nilimwambia hivyo nikimtazama usoni. Kisha nikageukia kompyuta yangu.

Siku ya kikao Mwalimu alivaa tai mpya. Nilimwacha aongee, ajisifu, atabasamu. Kisha nikanyoosha mkono.

"Samahani, Mwalimu, naomba kueleweshwa tu. Hesabu yetu hapa inaanzia wapi?"

Alizifungua orodha zote mbili, akafuata namba kwa kidole kama mtoto wa darasa la kwanza. Kidole kikasimama. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Nimekosea," akasema. "Mchoro wote huu una kosa, na kosa ni langu."

Ilikuwa tamu, sitasema uongo. Niliinamia karatasi zangu ili wasione meno.

Mwishoni mwa meza alikaa mama mmoja, mwakilishi wa wazazi, aliyezoea kuandika kila kitu na kuuliza machache. Akanigeukia mimi.

"Mwanangu, hongera kwa jicho lako. Uliliona lini?"

Ningeweza kujibu kwamba ni leo. Nilimtazama fundi wa maabara upande wa pili wa meza, naye alikuwa ananitazama mimi, mdomo wazi, anaanza kuelewa.

"Wiki tatu zilizopita."

Yule mama aliacha kuandika.

"Wangu alipovimba koo kwa dawa hii, daktari aliisimamisha," alisema taratibu. "Akatuambia tuvumilie wiki tatu, nyingine inaagizwa. Mtoto alivumilia mbili."

Mwalimu alikuwa bado amesimama pale mbele, kichwa chini, kama nilivyomtaka kwa miaka minne. Nilijaribu kumtazama, nikashindwa.