Viganja Ishirini na Viwili

Bati liligonga mlango wa darasa la sita kabla mwenye nalo hajapiga hodi. Watoto wakacheka. Nkuba, fundi bati wa Rujewa, alilishusha begani, akafuta jasho, akabaki pale kizingitini. Miguu ilikuwa inakataa kuingia. Tangu atoke kwenye darasa kama lile ilikuwa imepita miaka arobaini, na hata vikao vya wazazi alikuwa akimtuma mkewe.

"Karibu ndani, fundi," alisema Mwalimu Leokadia. "Leo tuna sikukuu."

Sikukuu yenyewe ilikuwa ya namba. Mwalimu Leokadia, mtu wa Iringa asiyependa kuburuzwa, alikuwa amesoma kwamba wenzetu wa mbali husherehekea pai tarehe kumi na nne Machi, kwa kuwa wao hutanguliza mwezi, ikasomeka 3.14. Machi ilipofika aliandika tarehe ubaoni kama tunavyoiandika sisi, 14/3, akawaambia watoto wagawe. Wakapata nne na ushee. "Duara gani hilo?" aliuliza, na sherehe akaihamishia Julai. Sasa ubao mzima ulikuwa na 22/7, kubwa, kwa chaki ya rangi. Juu ya meza palikuwa na sinia la chapati, na mgeni alikuwa mmoja tu, Nkuba.

Mwalimu alimwalika baada ya kumkuta kibandani kwake akipima pipa kwa kijiti. Hakujua alikuwa anamwalika mtu mwenye kesi.

Kwenye mtihani wa darasa la tano waliulizwa mzingo wa duara lenye kipenyo cha sentimita kumi na nne. Nkuba aliandika 44, basi. Jibu lilikuwa sahihi ila njia haikuwepo, na mwalimu wa wakati ule alisema ametazamia kwa jirani. Akapewa sifuri na viboko sita, wenzake wakiangalia. Nkuba hakutazamia kwa mtu. Alilelewa na mjomba wake, fundi bati, na nyumbani kwao hata mtoto wa kuchunga ndama alijua kwamba pipa la upana wa viganja saba linakula bati la viganja ishirini na viwili. Mara mbili ya saba, mara mbili ya ishirini na mbili, kazi kwisha. Lakini nani angemsikiliza? Hakurudi tena shule. Iliuma, na mpaka leo ilikuwa inauma.

Leo alikuja kuonyesha njia.

"Kijiti hiki ni kiganja changu," aliwaambia watoto. "Na hiki ni kitako cha pipa. Pimeni wenyewe."

Wakapima. Saba. Akalilaza bati sakafuni, akakihamisha kijiti huku darasa zima likihesabu kwa sauti mpaka ishirini na mbili. Akachora mstari kwa msumari, akachukua mkasi, halafu akasita.

Kila siku huongeza kidole kimoja cha mkunjo, pale ncha mbili za bati zinapokunjwa zishikane. Bila kidole hicho pipa halifungiki. Akikiongeza, ncha zitapandana, na watoto hawa watasema namba ilidanganya kwa kidole kizima. Asipokiongeza, bati ndiyo basi, na hakuwa na jingine. Veneranda wa mchele alikuwa anasubiri pipa lake Jumamosi.

"Fundi, na mkunjo?" Mwalimu aliuliza. Siku ile kibandani alikuwa ametazama vizuri.

"Leo hakuna mkunjo."

"Utaharibu bati."

"Najua, mwalimu. Niache niharibu. Veneranda nitaongea naye mwenyewe."

Akakata juu ya mstari. Akalisimamisha bati, akalizungusha taratibu kwenye kitako, akazivuta ncha kwa mikono miwili. Zikakutana. Hazikupandana, hazikuachana.

Msichana aitwaye Sarah alichana karatasi ya daftari, akaja kuipitisha kwenye maungio. Karatasi ikajikunja.

"Jaribu tena, mama," Nkuba alisema. "Usinionee huruma."

Akajaribu juu, akajaribu chini. "Haipiti, babu."

"Waambie wenzako, wasikie."

"Haipiti!"

Wakaja wote, kila mmoja na karatasi yake, foleni ikafika mlangoni. Bati bila mkunjo halitulii. Lilikuwa linasukuma lipate kunyooka, na kilicholizuia ni vidole vya Nkuba tu, ambavyo vilianza kuwa vyeupe.

"Inatosha, fundi," Mwalimu alisema polepole. "Achia upumzike. Tumeona."

"Wale wa nyuma bado."

Kengele ya mapumziko ikalia. Hakuna aliyetoka. Nkuba akapiga goti moja sakafuni, akakaza mikono upya, na mtoto aliyefuata akasogea na karatasi yake.