Kidole cha Mtakatifu Blasi

Bi Milenka alikuwa tayari kufa, lakini si kumwona Mkolombia akibeba kidole cha Mtakatifu Blasi. Kidole chenyewe kilikuwa mfupa wa rangi ya chai ndani ya kisanduku cha kioo. Babu wa babu yake alikuja nacho Antofagasta, bandari ya jangwani ya Chile, kutoka Kroatia, kimeshonewa ndani ya koti, na tangu hapo Wakroatia peke yao ndio waliokibeba. Mzee huyo ndiye aliyeweka na sharti: aliyeponywa koo lazima akibusu kilichomponya, mbele ya watu. Ndivyo Bi Milenka alivyosimuliwa, ndivyo alivyosimulia, na ole wako umuulize koti la sufi lilikuja kufanya nini jangwani.

Tatizo, Wakroatia walikuwa wamekwisha. Wajukuu walihamia Santiago, na waliobaki walihitaji kubebwa wao, seuze kubeba. Kanisa zima sasa lilikuwa Wabolivia, Waperu na Wahaiti, na kwenye benchi la ukoo wa Bi Milenka, bila hata kuuliza, alikaa Yurleny, mwanamke mweusi kutoka Buenaventura ya Kolombia, muuza samaki wa kukaanga, mwenye sauti ya kuamsha maiti. Mwanawe aliwahi kukwamwa na mwiba kooni, akapona kwa kidole kile. Yurleny ndiye aliyeomba yeye na wenzake wabebe machela ya mtakatifu, yenye kile kisanduku, kwenye maandamano ya sikukuu.

Bi Milenka akamwambia Padre Facundo kwamba wageni hawajui hata kidole kimetoka wapi. Padre, maskini wa Mungu, akadhani anamsaidia, akakipeleka kwa rafiki yake wa makumbusho akichunguze. Jibu likarudi kabla ya sikukuu: si kidole cha mtu. Ni mfupa wa simba bahari, wale wanyama wanaojianika kando ya soko la samaki, wakinuka na kugombania vichwa vya samaki.

Padre alitaka yaishe kimyakimya. Bi Milenka alilia, na kilio kilikuwa cha kweli, maana mzee wake alikuwa mwongo. Halafu akafuta machozi, akaona njia. Jumapili akasimama mbele ya altare akatangaza mwenyewe: mfupa ni wa mnyama, maandamano hakuna, kila mtu akasali kwao. Afadhali mtakatifu afe kuliko abebwe na wale.

Yurleny akainuka.

"Kwa hiyo, Bibi, huyu kazaliwa hapahapa?"

"Hapahapa, pale sokoni."

"Basi ndiye mwenyeji peke yake humu ndani. Sisi wengine wote tumekuja, na nyinyi na koti lenu."

Watu walicheka mpaka Padre akajificha nyuma ya kitabu cha misa. Sikukuu ikafanyika kama kawaida. Yurleny alisema daktari akishakuponyea mtoto, humuulizi kabila.

Bi Milenka naye alikuja, eti kushuhudia aibu. Akaketi uani mwa kanisa, akaagiza samaki wa Yurleny, maana kinywa hakina kinyongo. Tonge la tatu, mwiba ukamkwama. Akatoa macho, midomo ikageuka rangi. Yurleny akaacha machela, akanyakua kisanduku, akaja mbio, akamwekea shingoni kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akamshindilia kofi la mgongo. Mwiba ukaruka, ukatua kwenye kiatu cha Padre.

Watu wakapiga magoti wakimshukuru Blasi. Bi Milenka, pumzi hata haijamrudi sawasawa, akakoroma kwamba ule ni mfupa wa mnyama, hauponyi kitu.

"Sawa, Bibi," Yurleny akasema, akamnyooshea kiganja kilichonuka mafuta ya samaki. "Kama si mfupa, basi ni huu mkono. Na sharti ni la babu yako. Chagua cha kubusu."

Bi Milenka aliutazama ule mkono mweusi uliomrudishia roho. Akautazama mfupa. Alikuwa anajua, kuliko mtu yeyote pale uani, ulikuwa mfupa wa nini. Padre alimwona akisita, akaanza kuwa na matumaini.

Akainama, akafumba macho, akambusu simba bahari.

Yurleny akafuta kiganja kwenye aproni. Kisha akawaita wenzake, wakaingiza mabega chini ya machela, wakaondoka na mtakatifu wao.