Kitambaa cha Kuletwa

Kiwandani walimwita Bi Pindo, kwa kuwa alianzia kwenye laini ya kukunja pindo za suruali. Hata alipopewa usimamizi aliendelea kupita nyuma ya mafundi akigeuza miguu ya suruali kutazama mshono wa ndani. Nyumbani alikuwa dada mkubwa. Baba yao alipofariki, yeye ndiye aliyeacha shule akakaa kwenye cherehani ili mdogo wake wa kiume asome. Mdogo alisoma mpaka chuo kikuu, akaajiriwa wizara ya viwanda, na mama yao akaanza kumwita Mchumi kwa fahari isiyofichika.

"Mchumia juani hulia kivulini," Bi Pindo alipenda kumtania. "Sisi tumegawana. Mimi nachumia juani, wewe unakula kivulini."

Kiwanda kilikuwa cha kampuni kubwa ya ng'ambo, yenye matawi katika nchi nyingi. Kilishona suruali za maduka ya huko huko ng'ambo. Serikali iliipokea kampuni hiyo kwa mikono miwili. Ikaipa ardhi na umeme wa bei nafuu, na kwa miaka kumi ikaisamehe kodi. Kila waziri aliposoma bajeti, kiwanda kile kilitajwa kuwa ushahidi kwamba uchumi unakua. Na mtaa uliokizunguka ulikua kweli: vyumba vya kupanga, vibanda vya chai, wauza mitumba, mafundi viatu, wote wakiishi kwa mkono wa kiwanda.

Jumapili moja, msamaha wa kodi ukikaribia kwisha, Mchumi alikuja kumwona mama. Baada ya kula alimweleza dada yake kwamba wizara inaandaa sera mpya, na rasimu ameiandika yeye. Kampuni itakayotaka kuongezewa msamaha italazimika kununua sehemu ya kitambaa, uzi na vifungo hapa hapa nchini.

"Hapa nchini wapi?" dada akauliza. "Kiwanda cha nguo, kile kilichofuma vitambaa, kilifungwa mama hajaota hata mvi moja."

"Ndiyo maana, dada. Hakiwezi kufufuka bila mnunuzi. Kitambaa kinaingia kwa kontena, kinatoka kwa kontena. Pamba yetu inauzwa ghafi. Kinachobaki kwetu ni jasho lenu tu."

"Jasho hilo ndilo lililokusomesha."

Mama aligeuza uso akatazama ukutani. Mchumi alikunywa maji yaliyobaki kwenye bilauri yake, akaaga mapema.

Sera ilipotangazwa, meneja wa kiwanda aliwaita wasimamizi wote. Alikuwa mgeni mpole, anayejua salamu tu za wenyeji, kwa hiyo afisa utumishi ndiye aliyesema kwa niaba yake. Makao makuu hayatakubali. Kitambaa huchaguliwa ng'ambo, na sharti likibaki, mashine zitahamishwa. Ingefaa wizara iwasikie wafanyakazi wenyewe.

"Nani ataongea?" afisa akauliza. Macho yote yakamgeukia Bi Pindo.

Katika chumba cha mkutano wizarani, zulia lilikuwa zito kiasi kwamba hakusikia hatua zake mwenyewe. Mdogo wake alikuwa ameketi kando ya katibu mkuu. Hakuna aliyejua udugu wao, nao hawakuutaja.

"Mheshimiwa," Bi Pindo alianza, akimtazama katibu mkuu peke yake. "Kwenye laini yangu yupo shoga yangu anayeshona mifuko. Mumewe hajiwezi, yuko kitandani, na watoto wanamtegemea yeye. Mnasema tusubiri kiwanda cha nguo kifufuke. Subira huvuta heri, sikatai. Lakini ngojangoja huumiza matumbo, na hayo matumbo si yenu. Waacheni hawa wenye kampuni wafanye kazi yao, nasi tufanye yetu."

Ndipo Mchumi alipoinua mkono.

"Kampuni ikiongezewa msamaha, itaahidi kwa maandishi kwamba haitaondoka?"

Mwanasheria wa kampuni alitabasamu. "Kampuni ina nia njema na nchi hii."

"Nia njema si ahadi."

"Inatosha," katibu mkuu alisema.

Sharti likafutwa, na kampuni ikaongezewa miaka mitano. Katika ua wa wizara, wafanyakazi waliomsindikiza walimbeba Bi Pindo juu kwa juu, wakapiga vigelegele mpaka walinzi wakaja. Alipotua chini alimwona mdogo wake akipita na faili kwapani.

"Hongera, dada," alisema.

Hapakuwa na kejeli katika sauti yake. Afadhali ingekuwapo.

Haukupita muda Mchumi akahamishiwa wilaya ya mbali, kwenye mashamba ya pamba. Barua ilisema ni kwa maslahi ya utumishi. Akaacha kuja Jumapili. Mama alipouliza kulikoni, Bi Pindo alijibu kwamba kazi zimemzidia mwanawe, na mama, ambaye hakuwa mjinga, hakuuliza tena.

Miaka mitano haikufika hata nusu. Kwanza oda zilipungua. Kisha baadhi ya mashine zikafunguliwa zikapakiwa, wakaambiwa zinakwenda kutengenezwa. Asubuhi moja walikuta lango limefungwa kwa mnyororo, na tangazo limebandikwa. Nchi jirani ilikuwa imetoa ardhi bure na msamaha mrefu zaidi. Serikali ilikemea redioni, lakini mkataba haukuwa na neno lolote la kuifunga kampuni.

Wale wale waliombeba walisimama wakimtazama.

"Bi Pindo, twende tena wizarani," shoga yake wa mifuko akasema.

"Tukaseme nini, shoga yangu?"

Baada ya wiki moja alisafiri kwa mdogo wake. Alimkuta katika ofisi ya chumba kimoja, amezungukwa na viroba vya pamba, nywele zake zimejaa nyuzi nyeupe. Kwa mara ya kwanza dada alimwona amezeeka. Alisimama mlangoni.

"Nilikuangusha mbele ya wakubwa wako," alisema.

"Ulisema kweli, dada."

"Na wewe je?"

"Mimi pia nilisema kweli." Mchumi alimvutia kiti, akakipangusa kwa kiganja. "Lakini niliandika sera nzima bila kuweka mahali pa yule mama wa mifuko. Niliandika kana kwamba watu wanaweza kuzimwa kama taa, wakawashwa kiwanda cha nguo kikiwa tayari."

Bi Pindo alikaa, akajifunika uso kwa khanga na kulia. Mdogo wake hakumkataza.

Alikaa kwake siku kadhaa. Jioni walibishana juu ya rasimu nyingine, ya kuzitaka hospitali za umma zinunue shuka zilizoshonwa nchini. Dada alipoona neno lisiloeleweka alimwambia alifute, na mara nyingine Mchumi alikataa katakata, wakanuniana mpaka chai.

Pendekezo lile lilikubaliwa nusu nusu, kwa wilaya ile tu, kama majaribio. Bi Pindo alihamia huko pamoja na mama, akakodi godauni lililokuwa tupu, akaanza na wanawake wachache kwa kitambaa cha kuletwa, maana cha nchini kilikuwa bado hakijapatikana. Jambo hilo lilimkera Mchumi.

Shoga yake wa mifuko hakungoja. Alivuka mpaka akaifuata kampuni. Siku moja alipiga simu mchana, kelele za cherehani zikisikika nyuma yake.

"Suruali ni zile zile," alisema. "Meneja ni yule yule, ananisalimia kwa jina. Watoto na baba yao nimewaacha kwa dada yangu. Huko kwako hakuna nafasi?"

Bi Pindo alitupa macho godaunini. Kila kiti kilikuwa na mtu.

"Bado, shoga yangu," alisema. "Bado kidogo."

Kelele za cherehani ziliendelea kusikika simuni, mpaka salio la mwenzake likaisha.