Barafu Inaliwa kwa Chini

Claire Banza alipofika Kalemie kwa kilio cha bibi yake, watu wengi walikuja kumtazama yeye kuliko kumlilia marehemu. Alikuwa binti wa Papa Casimir, fundi wa mashini za bandari, na habari zilikuwa zimezunguka mji mzima: huko Ulaya alikosomea mambo ya maji, walimpandisha merikebu wakampeleka kusini kabisa mwa dunia, mahali ambapo barafu imetanda juu ya bahari. Alilala juu ya barafu hiyo ndani ya hema, yeye na mwenzake Julie, mwanamke wa Namur huko Ubelgiji, ambaye sasa alikuwa amebaki kambini na wenzao wengine. Ilikuwa mwaka wa tisini na tano, na Kalemie haikuwa na mtu mwingine aliyewahi kulala juu ya bahari bila chombo.

"Na hamukuogopa kuzama?" aliuliza mama yake, Mama Bertille.

"Tuzame namna gani, Mama? Ukisimamisha munara wa kanisa juu ya munara mwingine, na mwingine tena, hujafika mwisho wa barafu ile."

Ndipo akawaeleza walichokikuta. Walitoboa shimo kwa maji yaliyochemshwa, wakateremsha kipimo cha joto hadi baharini. Mwanzo kilionyesha baridi waliyoitarajia. Kilipozidi kushuka, joto likapanda. Julie alidhani kipimo kimeharibika. Wakakivuta, wakakiteremsha kingine, nacho kikasema vilevile. Bahari ya chini ilikuwa na joto. Ilitoka mbali, ikapenya chini ya barafu kama mto, na kila ilipopita ilikuwa inakula.

Papa Casimir alicheka mpaka akakohoa. "Joto linapandaka juu, Claire. Hata sufuria inajua. Maji ya moto yatakaaje chini ya maji ya baridi?"

"Ni chumvi, Papa. Yale ya moto yako na chumvi mingi, ni mazito, yanatambaa chini. Tena si moto wa kuogea. Ukitia mukono, vidole vitakufa ganzi. Lakini kwa barafu, joto lile kidogo njo moto tosha."

"Mutoto, safari imekuchosha."

Kesho yake Claire akanunua bamba pana la barafu kwa wauza samaki bandarini. Akaliweka lielee juu ya maji ya ziwa ndani ya nusu ya pipa, kivulini, akalifunika upande wa juu kwa maranda ya mbao ili jua na upepo visiliguse. Wakala ugali, wakazungumza na wageni wa kilio. Papa Casimir alipomaliza kunawa alikwenda kwenye pipa, akapangusa maranda. Juu barafu ilikuwa ngumu, kavu, nyeupe kama alivyoiona asubuhi.

"Si munaona?" akawaambia wageni. "Nzima!" Akaigandamiza kwa kiganja.

Ilipasuka kama kigae. Mkono wake ukazama mpaka kwenye kiwiko, na maji yakamrukia usoni. Mzee aliinua kipande kilichobaki: kilikuwa chembamba kama sahani, na upande wa chini umechimbika mashimo-mashimo.

"Na wewe ulikuwa unalala juu ya kintu hii?"

"Ya kwetu ni nene, Papa," Claire alisema akicheka. "Tulipiga hesabu na Julie. Wajukuu wako wataikuta."

Wiki haikuisha. Papa Élisée, mtu wa foni, redio ya kuzungumzia ya parokia, alipanda mwenyewe hadi nyumbani, akasimama mlangoni kofia mkononi. Mama Bertille alipoiona kofia ile akajishika kichwa, maana Papa Élisée hakuvua kofia ila kwa msiba.

"Claire, wanakutafuta kutoka Lubumbashi. Ujumbe umetoka Ulaya."

Chumba cha foni kilijaa mikwaruzo. Sauti ya padri wa Lubumbashi ilikuja, ikapotea, ikarudi. "Julie ni mzima. Mguu umevunjika. Helikopta iliwachukua wote wa kambini. Kambi imekwenda na barafu."

"Ukingo gani uliokatika?" Claire aliuliza. "Wa mashariki?"

"Yote."

"Rudia, Padri. Sijasikia."

"Wanasema yote. Imevunjika vipande-vipande kwa siku chache tu. Pale pa kambi sasa ni bahari."

Claire akaweka kipaza sauti mezani. Padri aliita mara nyingi, na Papa Élisée ndiye aliyejibu badala yake. Claire akakaa chini kwenye saruji. Alikuwa amelijua tumbo la barafu ile kuliko mtu yeyote; aliandika mwenyewe jinsi linavyoliwa. Kumbe kichwa kilijua, mwili haukuamini. Alikuwa amechemsha chai pale. Alikuwa amevua viatu akalala usingizi mzito pale, na sasa pale hapakuwa mahali.

Aliporudi nyumbani, Papa Casimir alikuwa ameshapata habari. Siku zote alitamani binti yake abaki afundishe kwenye lise, shule ya sekondari ya mjini, na sasa aliona Mungu amemjibu.

"Basi imekwisha," akasema kwa upole. "Kintu imevunjika, huna kazi kule tena."

"Papa, nyuma yake kuko barafu ya nchi kavu, kubwa kuipita. Hii iliyovunjika njo ilikuwa inaizuia kama kizibo. Sasa itateremka baharini, na bahari itapanda. Watu wa Moanda pale baharini, wa mwambao wote, nani atawaambia ni upesi namna gani? Sisi tulisema wajukuu! Tulikosea, Papa. Nataka kujua tulikosea wapi."

Machozi yakamlengalenga mzee. Kisha akasema kuwa kuna mashua ya kwenda Kigoma kabla ya Jumapili, na kwamba yeye anamjua nahodha wake.

Mama Bertille alikuwa amekwisha kuingia jikoni. Alitoka na ndagala, dagaa wa ziwani, waliokauka vizuri, akawafunga kwenye kitambaa.

"Huyu Julie wako," akauliza, "anakulaka ndagala? Mfupa hauungi kwa mikate mitupu."

Claire akacheka na kulia kwa pamoja, akajibu kwamba hajui, lakini atakula.