Nusu Mzunguko wa Kumuaga Mteja

Épiphanie aliweka ndoo ya maji chini na kusikiliza. Injini ya boti, dizeli ya silinda mbili iliyomzidi umri, ilikuwa ikinguruma kwa haraka isiyo yake. Asubuhi nzima alikuwa ameipasha moto na kuishusha taratibu, mpaka ralanti yake, ule mwendo wa injini iliyowashwa bila kupewa kazi, ikatulia kwenye mizunguko mia sita kwa dakika. Alikwenda kuchota maji tu. Sasa kipimo kilionyesha mia tisa na hamsini.

"Nani ameigusa?"

"Nani mwingine?" Rutayisire, mwenye gereji, alikuwa akifuta spana kwa kitambaa. "Nimeipa nusu mzunguko wa kumuaga mteja."

Hiyo ndiyo desturi Épiphanie aliyoikuta alipoanza ufundi gerejini hapo: kabla ya kukabidhi, bosi huzungusha skrubu ya ralanti ili injini ivume, na mteja aondoke akiamini kapewa nguvu mpya. Kwa teksi, hasara yake ni mafuta kidogo. Lakini boti ya Mzee Silvère, mteja aliyesimama mlangoni akisubiri, hubeba kinamama wa soko ziwani Kivu, na gia yake ikiingia, pangaboi hupokea kasi yote papo hapo. Wiki tatu zilizopita, baada ya fundi mwingine kuipandisha vivyo hivyo, boti iliruka gatini na kumvunja mwanamke mguu. Ndiyo sababu injini ikapakiwa lorini na kuletwa gerejini hapo Kimisagara.

"Bosi, unajua kilichomleta muzehe huyu kwako?"

"Jina langu! Silvère, sikiliza, si inaongea?"

Silvère alitabasamu. "Kweli iko na sauti. Ile ya asubuhi ilikuwa kama bibi anasali rozari."

Damu ilimpanda Épiphanie kichwani. Majivuno ya Rutayisire alikwisha kuyazoea. Lakini huyu, aliyembeba majeruhi kwa mikono yake, aliyesimulia juzi tu huku akilengwalengwa na machozi, naye apumbazwe na kelele?

Alisukuma kreti tupu la soda mpaka ubavuni mwa fremu iliyobeba injini. Badala ya pangaboi alikuwa amefunga gurudumu zito la chuma, ili injini ipate mzigo wa kusukuma. Akaingiza gia.

Fremu nzima iliruka upande na kulipasua kreti vipande viwili.

"Huo ni mguu wa nani, bosi?"

Rutayisire alirudi nyuma hatua moja. Épiphanie akarudisha skrubu, akasubiri kipimo kitulie kwenye mia sita, akakaza nati inayoishikilia, kisha akaingiza gia tena. Injini ilishuka sauti kidogo, ikajikaza, ikaendelea. Fremu haikusogea.

"Na kwa mwendo huu mdogo haijazimika," Silvère alinong'ona.

"Watu watasema nimetoa injini mgonjwa," Rutayisire alilalamika.

"Waseme. Kwani wao ndio wanaoshukia gatini?"

Silvère alinyoosha mkono. "Rutayisire, nipe hiyo spana."

"Ya nini?"

"Nitakurudishia lori likifika Rubavu ziwani, mbali na mkono wako."

"Ee, Silvère! Mimi na wewe tumekua pamoja!"

"Ndiyo maana naiomba."

Épiphanie hakucheka. Alichovya brashi katika rangi nyekundu na kuipaka nati yote, ili rangi ikikatika ijulikane kuwa kuna aliyeigusa.